Batisti wa Trinidad

Waliponiandalia chai ya kuniaga kazini, binti mmoja wa kitengo cha tafsiri aliniuliza ni neno gani lililonisumbua zaidi katika miaka yangu yote ya ukalimani. Nlimjibu: Trinidad. Akacheka, wenzake wakacheka, sambusa zikapitishwa. Walidhani natania. Nimestaafu sasa, nimekaa nyumbani Khuwair ya Kusini sina wa kunikatiza, basi nawaandikia mlobaki ofisini mjue kwa nini sikucheka. Nlipanda cheo lini na lini sitayagusa. Yako kwenye faili, asiye na kazi akayasome.

Nliingia Maskati mwishoni mwa mwaka sitini na nne, kutoka Unguja kwa njia ya Mombasa na Dubai. Wazee wenu wamewaambia yalivyokuwa. Kule tulifukuzwa kwa Uarabu wetu, na huku kwa babu zetu tukaitwa Wazinjibari, watu wa kutazamwa kwa jicho la pembeni, isije ikawa tumetia siasa kwenye mabegi pamoja na halua. Wengi walirudishwa. Mimi nlipita kwa sababu ami yangu alikuwa na duka la vitambaa Matrah akanidhamini, na kwa sababu nlijua Kiingereza cha kuandika. Kampuni ya mafuta ilimtaka mtu kama huyo.

Siku ya kwanza nlikabidhiwa kwa Maalim Khalfan, mkalimani mkuu, mzee wa Nizwa aliyepitisha ujana wake Bagamoyo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hilo hakulificha. Alinikalisha mbele ya mashine ya chapa ya Kiarabu akanambia, "Hii ndiyo itakayokutoa roho." Ilikuwa mashine kuukuu. Herufi yake ya ghain ilikuwa imepoteza nukta, kwa hivyo kila ghain ilitoka ain, na ilibidi tuzitie nukta kwa kalamu, moja moja, kabla barua haijatoka. Tuliomba mashine nyingine. Tulijibiwa kuwa herufi moja si sababu ya kununua mashine.

Maalim alikuwa na sharti moja tu, nalo alilirudia mpaka likachosha: "Fasiri kama lilivyo. Mtu akitukana, tukana. Akilia, usilie, lakini sema analia. Wewe si mshauri wa mtu." Siku moja hata nlimwona akimfasiria meneja wetu Mwingereza matusi ya sheikh mmoja wa huko bara, neno kwa neno, bila kukunja uso. Meneja aliiva uso, sheikh akafurahi sana kuona yamefika.

Mwaka sitini na saba mafuta yalianza kupakiwa melini, na kampuni ikataka mafundi wa mabomba. Ikawapata wawili kutoka Trinidad. Hiki ni kisiwa cha Bahari ya Karibi, huko karibu na Amerika ya Kusini, na mafuta wanayachimba tangu enzi za babu zao. Mpaka ziwa zima la lami wanalo, la kuchota kwa sepetu. Kazi yangu ilikuwa kuwaombea ruhusa ya kuingia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Visiwa vile Waarabu wengi wakiviita al-Hind al-Gharbiyya, India ya Magharibi, kwa sababu Mzungu mmoja alipotea njia akadhani kafika India, na watu wa dunia nzima wakakubali kulibeba kosa lake. Na hiyo Gharbiyya ina ghain. Nlitia nukta yangu vizuri. Lakini kwenye ofisi ya pasi ya serikali barua ilinakiliwa, na aliyenakili hakuwa na haja ya nukta. Al-Gharbiyya ikawa al-Arabiyya. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: serikali haitambui nchi iitwayo India ya Kiarabu, na waombaji wafafanue kama wao ni Wahindi au ni Waarabu.

Nlikwenda mwenyewe na atlasi ya kampuni chini ya kwapa. Karani wa pasi alikuwa mtu wa makamo, msafi, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliokuwa ukinichoma zaidi.

"Hiki hapa," nlimwonesha.

Akainama. "Hili ni tone la wino."

"Ni kisiwa, sheikh. Na hiki kidogo pembeni ni Tobago. Viwili nchi moja, kama Unguja na Pemba."

Nlijuta papo hapo kuzitaja. Akaniangalia. "Kwani nao wamepindua?"

"Hawajapindua. Wamepewa uhuru na Waingereza juzijuzi, wana waziri mkuu wao na baraza lao la kutunga sheria."

"Mfalme?"

"Malkia. Wa Uingereza."

"Basi hawana uhuru."

"Wanao."

"Na malkia wanaye."

"Wanaye."

Alifunga atlasi taratibu kama mtu anayefunika chakula kilichoharibika. "Rudi kesho," akasema. Nlirudi kesho, na kesho ya pili yake, na kila siku nlilianza somo upya: Wahispania, kisha Wafaransa na mashamba yao, kisha Waingereza. Aliuliza wenyeji ni akina nani. Nlisema Waafrika, Wahindi, Wachina, hata Washami wenye maduka. Akaniuliza kama nna hakika kuwa sizungumzii Zanzibar.

Ruhusa ilitoka hatimaye, sidhani kwa kuelewa, nadhani kwa kunichoka.

Wale mafundi waliposhuka kwenye kiwanja cha ndege tukaanza tena. Mmoja alikuwa Clyde Baptiste, mtu mrefu, mweusi sana, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Kambini alikuja kuitwa Batisti. Wa pili ni Rashid Ali, mfupi, rangi ya Kihindi, Muislamu, ambaye babu zake walipelekwa kule kutoka India kwa mkataba wa kukata miwa. Karani yule yule alizishika pasi mbili za rangi moja, nembo moja, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mmoja wao anadanganya," akanambia.

"Hakuna anayedanganya. Nchi yao ndivyo ilivyo."

"Huyu Mhindi namwelewa. Huyu mwengine ni Mzinjibari. Msemeshe Kiswahili, ukimshtukiza ataropoka."

Sikuwa na la kufanya. Nlimgeukia mtu aliyetoka mwisho wa dunia kuja kufunga mabomba, nikamwambia kwa Kiswahili, "Kaka, nisamehe, nimeamrishwa nikusemeshe lugha usiyoijua."

Batisti akatabasamu kwa adabu, akamuuliza Rashid kwa Kiingereza kama ndiyo salamu ya hapa.

"Anajifanya," akasema karani. Akawagongea mihuri lakini.

Kambini nliwazoea wale watu wawili. Walikuwa wa mji mmoja, majirani tangu utotoni, na hawakuacha kubishana. Kila mmoja alikuwa na chama chake, na vyama vyenyewe kwao viligawika hivyo hivyo, Waafrika huku, Wahindi kule. Mchana mmoja tukila wali kivulini nliwauliza swali nililokuwa nalo kooni tangu Unguja: ikiwa mmegawika hivyo, mbona hamjauana?

Rashid alisema, "Tunatukanana wakati wa uchaguzi, kisha tunakula pamoja."

"Si pamoja," akasema Batisti. "Tunakula jirani. Usimwambie mtu uongo kuhusu kwetu." Akafikiri kidogo. "Lakini mama yangu mwaka wa mafuriko alikulisha wewe na ndugu zako wote."

"Alitulisha," Rashid akakubali.

Sikuendelea na chakula changu. Nasi Unguja tulikuwa tukila jirani, na nawakumbuka waliotulisha.

Ijumaa moja baada ya hapo, Batisti alikwenda Matrah na Rashid kunyoa na kumtafutia mkewe kitambaa. Adhuhuri Rashid akarudi peke yake, anahema. Mtu mmoja alikuwa amemshika Batisti mkono sokoni akipiga kelele kuwa huyu ni Mabruk, khadimu wa bwana wake, aliyetoroka shamba la mitende huko Batina. Askari walikuja wakamchukua.

Vijana wa leo hamtaki kulisikia, lakini niandike wazi: wakati ule utumwa huku ulikuwa haujesha. Na mimi siwezi kusema kama mtu wa nje. Nyumba tulizolelewa Unguja zilikuwa na watu waliorithiwa pamoja na masanduku, na bibi zetu wakiwasema kwa mapenzi na bila haya.

Nlikimbilia kwa meneja. Alinisikiliza, akajikuna kidevu, akasema jambo hili ni gumu, kwa sababu Batisti ni raia wa nchi huru na hivyo ni nchi yake inayopaswa kumsemea.

"Nchi yake haina balozi huku."

"Ndiyo maana nasema ni gumu," akasema. Akaahidi kuandika barua.

Nliona nikisubiri barua ya Mwingereza, Batisti atakuwa kishafikishwa mitendeni. Maalim Khalfan alivaa kilemba chake, tukaondoka pamoja na Rashid mpaka kwa kadhi.

Shauri lilisikilizwa siku ya pili asubuhi. Kadhi alikuwa mzee mwembamba mwenye subira. Upande mmoja alikaa wakala wa yule bwana wa Batina, mtu mnene mwenye jambia zuri. Upande wa pili Batisti, shati limechanika bega, bila viatu. Sijui viatu vyake vilikwenda wapi, na nlipouliza kila mtu alimtazama jirani yake.

Kadhi alianza kwa kusema kuwa asili ya binadamu ni uhuru, na anayedai kinyume ndiye wa kuleta ushahidi. Nlishusha pumzi. Kisha akamgeukia Batisti.

"Muulize yeye ni nani na watu wake ni nani."

Batisti alieleza, nami nikafasiri. Kwa mara ya ngapi sijui nlivivuka tena vile visiwa, mashamba ya miwa, meli zilizowapeleka babu zake kutoka Afrika. Alieleza kuwa utumwa ulifutwa kwao kabla babu wa babu yake hajaota ndevu. Kwamba kule yeye anapiga kura, na fundi mwenzake huyu humpigia kura mtu mwengine, mjinga.

"Nani aliyemwacha huru?" kadhi akauliza.

Batisti aliposikia swali alinigeukia. "Mwambie sikuachwa huru na mtu. Mama yangu alinizaa hivi hivi."

Nlisita. Niliogopa lingesikika kama jeuri. Maalim alinigusa goti. "Kama lilivyo," akanong'ona.

Nlifasiri kama lilivyo. Wakala akacheka. "Mabruk alikuwa na maneno hivyo hivyo."

Rashid alitoa ushahidi. Alisema shahada kwanza, kisha akasema yeye na huyu ni watu wa nchi moja na mtaa mmoja, amemjua tangu hawajavaa viatu. Wakala akauliza tangu lini Mhindi na mtu mweusi wakawa watu wa nchi moja. Nlihisi kichwa kinaniuma palepale kilipokuwa kikiniuma ofisini kwa yule karani.

"Una shahidi wako?" kadhi akamuuliza wakala.

"Nnaye. Mama yake mzazi."

Akaingizwa mwanamke wa makamo, mkavu, ushungi wake mweusi umepauka mpaka umekuwa kijivu. Alikuwa ameletwa kwa gari usiku kucha kutoka Batina. Wakala akamwambia kwa Kiarabu, "Mtazame mwanao, useme."

Alimsogelea Batisti, akamtazama muda mrefu. Batisti naye akamtazama, akaniuliza kwa macho nini kinatokea, nami sikuwa na nafasi ya kumjibu. Yule mama alikuwa ametusikia mimi na Maalim tukinong'ona kwa Kiswahili. Akanigeukia, na kwa Kiswahili cha Mrima kilichokaa kinywani bila kutumika, akasema polepole:

"Baba, nikisema ndiye, wangu watamwacha?"

Nawaambieni, wanangu, katika kazi yangu yote sijapata kusikia swali kama lile. Alikuwa ameliona jambo ambalo sisi sote wenye vilemba hatukuliona. Wakipata Mabruk mmoja, hawatamtafuta wa pili. Neno moja tu, na mwanawe popote alipo angelala usingizi.

Nlimjibu kwa lugha ile ile. "Mama, huyu naye ana mama yake. Yuko kisiwani anamngojea."

"Kisiwa gani?"

"Mbali, huko magharibi."

"Nao walipelekwa?"

"Babu zake walipelekwa. Kama ulivyopelekwa wewe."

Aliinamisha kichwa.

"Anasema nini?" kadhi akauliza.

Nlifungua mdomo, na sijui hadi leo ningesema nini. Maalim Khalfan alinitangulia. Mzee yule ambaye hakupata kupunguza hata tusi moja alimtazama kadhi usoni, akasema, "Anamwamkia, sheikh."

Kadhi alimtazama Maalim kwa muda. Alikuwa mtu wa akili. Hakuuliza zaidi.

Yule mama alinyanyua uso, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika na wote, "Si mwanangu. Mwanangu nnamjua."

Wakala alipandwa na hasira. Alisema mwanamke huyu ni mwongo, kawaida yao waongo, ushahidi wake usisikilizwe. Kadhi akamwambia, "Wewe ndiye uliyemleta." Na shauri likaisha hapo. Lilipokwisha wakamtoa yule mama haraka, wakala nyuma yake, na hatukuwahi hata kumshukuru.

Mngedhani kampuni iliona haya. Kampuni ilibandika tangazo kuwa Batisti asitoke kambini, kwa usalama wake. Barua ya meneja ilikamilika baada ya yeye kuachiwa, ikatumwa vilevile, na nlitakiwa niifasiri. Nliitia nukta zake zote.

Batisti alimaliza mkataba wake na hakutaka mwengine, na Rashid vilevile. Siku ya kuondoka nliwapeleka kiwanjani, na njiani nlimwambia Batisti yale maneno ya yule mama, maana alikuwa kila mara akiniuliza nami namkwepa. Tukafika, akateremsha sanduku lake. Kisha akaniuliza, "Jina lake nani?"

Sikulijua.

"Mlikuwa watu wangapi mle ndani?" akasema. "Mmeniuliza jina la kisiwa changu tangu nilipoingia nchi hii. Yeye hakuna aliyemuuliza hata lake." Hakusema kwa ukali. Alinipa mkono, na Rashid akanipa mkono, wakapanda ndege wakibishana nani atakaa dirishani.

Mwaka sabini utawala ulibadilika. Wale waliokuwa wakishikiliwa utumwani wakatangaziwa uhuru wao, na waliotoroka nje wakaanza kurudi. Kampuni ikanituma Batina kuandikisha wafanyakazi, na nlipokuwa huko nliuliza, kijiji baada ya kijiji, habari za mama aliyeletwa Maskati kwa kesi. Nlimpata pembeni ya mitende, kwenye banda la makuti, akipepeta ngano. Jina lake lilikuwa Zafarani. Aliniamkia kwa Kiswahili kabla sijajitambulisha.

Mabruk alikuwepo, kesharudi kutoka Bahreini. Alitoka ndani kuja kunipa mkono, nami nlibaki nimemkodolea macho. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwekundu wa ngozi, na mwanya mbele. Batisti angemtia chini ya kwapa kama ile atlasi. Hawakufanana kwa kidole wala kwa ukucha.

Bi Zafarani aliona ninavyotazama. "Hawakuwa wakitutazama, baba," akasema. "Walikuwa wakituhesabu."

Akanikaribisha kahawa. Nlikuwa nimejitayarisha kusema asante yangu na kuondoka, maana gari lilikuwa likinisubiri na dereva ana pupa. Lakini Mabruk akakaa mbele yangu akauliza yule mtu aliyekaribia kuwa yeye alikuwa wa wapi hasa. Nlijibu kwa ufupi, kwa uchovu wa mtu aliyelisema jambo mara nyingi kwa wasiotaka kulijua. Akauliza nani anatawala huko. Mama akauliza wanakula nini. Wakauliza wale babu walifikaje na nani aliwalea watoto. Kwa hivyo nikaanza mwanzo. Hakuna aliyenikatiza, hakuna aliyenambia nirudi kesho. Dereva alipiga honi, kisha akachoka, naye akaja kukaa.

Nlifika pale sheria ilipotoka na watumwa wakawa huru. Nikaeleza kuwa wenye mashamba waliwataka warudi kwenye miwa kwa ujira duni, wengi wakakataa, wakaenda kulima vijishamba vyao wenyewe, na ndipo Waingereza walipolazimika kwenda India kutafuta watu wengine, na ndivyo akina Rashid walivyofika.

Bi Zafarani aliweka ungo chini.

"Walikataa?"

"Walikataa."

"Na hawakurudishwa?"

"Hawakurudishwa."

Alisogea karibu, akajifunga ushungi vizuri kama mtu anayekaa kusikiliza hutuba.

"Hebu rudia hapo," akasema. "Hapo walipokataa."